Utakavyo, Mwenzangu

Umewahi kuisikia sauti yako ikitoka kinywani mwa mtu mwingine? Sisemi mtu kukuigiza kwa mzaha, kama watoto wanavyomwigiza mwalimu akishawapa mgongo. Nasema sauti yenyewe, na pumzi yake, na pale inapokwama, ikitoka kifuani mwa mwanamume mnene ambaye hamna udugu naye, mbele ya ukumbi uliojaa watu. Mimi nimeisikia. Na kabla ya siku hiyo ningekuapia kwamba sauti yangu naijua, maana nimeishi nayo tangu nizaliwe.

Tuanze na vikombe. Kabati langu la vyombo lina vioo viwili vya kusukuma, na kimoja hakikai sawasawa kwenye njia yake. Lori likipita barabarani hutetemeka, trrr, na vikombe hukiitikia. Mwaka ule kabati lilianza kulia hata lori lisipopita. Alikuwa Besi, mwimbaji tuliyemwita hivyo kwa sauti yake nzito, ameketi sebuleni kwangu, anaimba. Alfajiri Besi hukanda unga wa mikate penye tanuri la mtaa wa nyuma, na alasiri alikuwa akija kwangu na unga bado umemganda kwenye nywele za mikono, anavua viatu mlangoni, anaomba maji, anameza glasi nzima bila kupumua, kisha anafungua kinywa. Mara ya kwanza nilidhani dari inashuka.

Aliletwa na mjukuu wangu, yule tunayemwita Kinanda. Jina hilo alilipata kabla ya kuota meno ya mbele, kwa kuwa hakukiacha kitu bila kukigonga: sufuria, beseni, kipara cha babu yake. Akakua, akaenda kusomea muziki mbali, akarudi kwangu na kinanda cha umeme chenye miguu ya kukunja kama ya panzi, na habari kwamba ukumbi wa michezo wa mjini umempa kazi ya kutunga opera.

"Opera ndiyo nini?" nilimuuliza.

"Ni mchezo wa kuigiza, Bibi, ila watu hawazungumzi. Wanaimba tu."

"Hata wakitaka kuombana chumvi?"

"Hasa wakitaka kuombana chumvi."

Chumvi niliimeza. Kilichonikwama kooni ni shairi alilolichagua. Lilikuwa shairi langu. Nasema langu kwa mapenzi tu, maana lilitungwa mamia ya miaka iliyopita na mtawa ambaye hata jina hakuliacha, katika nchi ya baridi, kwa lugha nisiyoijua. Mtu mwingine akalitia katika Kiswahili, na kitabu chake chembamba chenye jalada la kijani kikaingia nyumbani kwa baba yangu. Mimi niliishia shule ya msingi. Vitabu vilivyopita mikononi mwangu vyote ningeweza kuvibeba kwa kapu moja na nafasi ya mboga ikabaki. Lakini hicho nilikisoma mpaka kurasa zikalegea kama kitambaa kilichofuliwa sana, na nilipokuwa nikimsuka Kinanda nywele, ameketi chini katikati ya magoti yangu, nilimghania beti zake ili asilie chanuo likipita.

Ni shairi la safari ya mwisho. Roho anaondoka, na kabla ya kuondoka anamgeukia Mwili na kumsomea mashtaka yake: ulilala sala ikakupita, ulikula ukamsahau mwenye njaa, ulilipenda joto la kitanda kuliko njia ya Mungu. Kila shtaka likisha, Mwili hujibu maneno yaleyale: "Utakavyo, mwenzangu." Hajitetei wala haombi. Mwishoni Roho anafika mlangoni na kusema:

Nyumba yangu ya udongo, leo mimi nakuhama;
Nimeufunga mlango, wala sitarudi nyuma.

Naye Mwili anajibu kwa mara ya mwisho, "Utakavyo, mwenzangu." Malaika wanaomba, shairi linakwisha. Nilipokuwa msichana nilimwona Mwili ana adabu kuliko watu wote niliowahi kuwasoma, na nilijifunza kuwa kama yeye.

Sasa, Kinanda ana namna yake ya kufanya kazi, na bila kuielewa hiyo huwezi kuelewa yaliyotokea. Hatungi kutoka kichwani. Haandiki noti hata moja kabla ya kumsikia mtu aliye hai akiyasema maneno yale, au maneno yanayofanana nayo, kwa haja ya kweli. Alinieleza kwamba kila anayezungumza anaimba bila kujijua. Anayekuita "njoo" kwa furaha anapanda ngazi. Anayekuita kwa hasira anaishuka kwa kishindo. Kazi yake yeye ni kuzifuata hizo ngazi na kuziandika. Basi aliniomba ruhusa, akaweka mezani, karibu na kopo la sukari, kinasa sauti kidogo kama kiberiti, chenye taa nyekundu mfano wa jicho la njiwa. Kikakaa hapo mchana kutwa kikisikiliza. Siku za mwanzo nilikuwa nakiamkia. Baadaye nilikisahau, kama unavyomsahau mgeni aliyekaa mpaka akaanza kujipakulia mwenyewe.

Mtaa mzima ukaingia kwenye opera bila kulipa kiingilio. Mwuza maziwa anayenadi akipanda ngazi akawa malaika. Jirani wa juu, ambaye kila asubuhi humfokea mumewe kwa sababu ya viatu, akawa Roho.

"Sikia hili, Bibi," Kinanda aliniambia, vidole vikitembea kwenye kinanda. "Shtaka la uvivu."

Nikamsikia jirani, viatu na vyote, ila sasa anamlaumu mtu kwa kulala wakati wa sala. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Akijua huyo, atakufokea wewe."

"Afadhali," alisema. "Shtaka la ulafi bado sijalipata."

Jibu la Mwili ndilo lililomshinda. "Utakavyo, mwenzangu." Maneno mawili, na binti mzima aliyesoma akawa anazunguka nayo chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Besi aliyaimba polepole, yakatoka kama ya mhudumu wa hoteli anayeandika chakula. Akayaimba kwa huzuni, yakatoka kama ya mtu mwenye jino bovu. Mwongozaji wa mchezo, mama mmoja mrefu ambaye miwani yake hukaa kichwani na kamwe haishuki machoni, alikuja kusikiliza. Alipomaliza chai yake alisema:

"Yakateni hayo majibu. Watu wa leo hawamvumilii mtu wa kukubali kila kitu. Mwili akae kimya, Roho aseme, basi."

Alipoondoka, Kinanda aliinamisha kichwa juu ya kinanda, kikatoa mlio mbaya.

"Ukiyakata hayo," nilimwambia, "umelitoa shairi mifupa."

"Najua, Bibi. Lakini mpaka nikutane na mtu anayeyasema kweli, sina cha kuandika. Hebu yaseme wewe."

Nikayasema, kwa heshima zote.

"Hapo unasoma."

Nikayasema tena, nikikata vitunguu, nikijifanya sijali.

"Hapo unaigiza." Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu kama wakati wa kusukwa. "Bibi, hivi huyu Mwili alitaka nini?"

"Hakutaka kitu. Ndio uzuri wake."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu. Wewe, kwa mfano. Unataka nini?"

"Nataka mle mshibe."

"Hiyo ni haja yetu sisi. Nauliza yako."

"Yangu ni kwamba umenye hivi vitunguu uache kunitoa machozi."

Alivimenya. Lakini alinitazama kwa jicho la pembeni, jicho la babu yake alipokuwa akitafuta mahali ubao ulipopinda.

Jumapili iliyofuata mwanangu alikuja. Mwanangu ni fundi bomba, na kama una maji yanayopotea ukutani usimwite mwingine. Huweka sikio ukutani, hufumba macho, huwanyamazisha watu wote nyumbani, kisha hugonga kwa kidole mahali pamoja na kusema, "Hapa." Akivunja, ndipo. Ni mtu mwema, mwenye sauti kubwa kwa kuzoea kushindana na kelele za mashine, na ananipenda kwa mikono: hawezi kuja kwangu asikaze kitu.

Siku ile hakukaza kitu. Alikaa, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na sauti ya dada yake, mama yake Kinanda, ikatoka humo. Yeye ni muuguzi mbali sana na sisi, na huwa anazungumza kama ana wagonjwa wanaomngoja, maana huwa anao. Nikajua lipo jambo.

"Mama, sitaumauma maneno," mwanangu alisema. "Ile siku ulipoteleza kwenye ngazi ya uani, mimi sijalala vizuri tena."

"Niliumia nyonga tu. Imepona."

"Nyonga safari hii, Mama," simu ilisema. "Mimi nawaona hapa wanaoletwa."

"Kwa hiyo tumekata shauri," mwanangu aliendelea. "Nimejenga chumba kule kwangu. Kina dirisha kubwa, kina bomba humohumo ndani, hutashuka hata kidato kimoja. Mke wangu kashanunua mapazia. Hapa tutapangisha. Kinanda akimaliza mchezo wake, siku ya pili yake nakuja na gari. Unasemaje?"

Nilikuwa nimenyanyua chupa ya chai. Nilitazama jikoni. Ipo sehemu ya ubao wa dirisha iliyobonyea kidogo. Ni kiwiko changu kilichoibonyeza, kwa miaka ya kumngoja mume wangu atokee kwenye kona na mfuko wake wa useremala mgongoni, na baada yake kwa miaka ya kutongoja mtu. Upo mlango wa uani ambao haufungiki mpaka uunyanyue kwa nyonga, hiyo hiyo iliyoumia. Asubuhi jua huingia kwa kona, likapanda mezani, likafika kwenye kikombe changu wakati ninapomaliza kufagia, kana kwamba tuliahidiana. Hayo hayakuwa mambo ya kumwambia mtu aliyejenga chumba. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mikono mikubwa imebana magoti, kama mtoto anayengoja kuambiwa mchoro wake ni mzuri.

"Mnavyotaka, wanangu," nilisema.

"Umeona?" mwanangu aliiambia simu, na mabega yake yakashuka. "Si nilikwambia Mama hana neno?"

Nikamimina chai. Kinanda alikuwa mwisho wa meza na karatasi zake. Alikuwa ameinua kichwa. Alinitazama, akaitazama ile taa nyekundu nyuma ya simu, akanitazama tena. Kisha akakichukua kinasa sauti, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tangu hapo hakuniuliza tena Mwili alitaka nini. Alifanya kazi mlango umefungwa, na Besi akija alipita moja kwa moja ndani. Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Nilivifunga vikombe kwenye magazeti, kimoja kimoja, na siku hiyo kabati likanyamaza: Besi aliimba mpaka kioo kikatetemeka, lakini hakuna kilichomwitikia. Nilisimama pale na gazeti mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwanangu alinipeleka kukiona chumba. Nakwambia kweli, hakikuwa na kasoro. Vigae vilikuwa vyeupe, mapazia yenye maua madogo, bomba lisilodondosha hata tone. Alilifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga.

"Unaona, Mama? Hata kidole kimoja kinatosha."

"Naona, baba. Mungu akubariki."

Na nilimaanisha. Nilirudi nikijisuta: mama gani huyu, anajengewa chumba na kifua kinambana? Nikajikaza. Nikajiambia ni vumbi la magazeti. Nilikifungua kile kitabu cha kijani nikasoma pale Roho anapoufunga mlango, nikatafuta faraja yangu ya siku zote katika adabu ya Mwili. Haikuja.

Kinanda alinikuta nimekaa sakafuni kati ya maboksi, kitabu mapajani.

"Bibi, naomba kuazima kiti chako cha jikoni. Ni cha kuweka jukwaani."

"Hicho chenye mto uliochakaa? Chukua kizuri cha sebuleni."

"Hichohicho." Akachuchumaa. Wino ulikuwa umemchafua mpaka kidevuni. "Na kitu kingine. Nikikutia na wewe kwenye opera, utakasirika?"

"Jirani umemtia mzima mzima, mimi ni nani?"

"Nataka jibu, Bibi."

"Nitie. Lakini nisiwe ulafi."

Hakucheka. Alinibusu utosini, mahali pa kupasulia nywele, akaondoka na kiti changu amekibeba kichwani.

Onyesho lenyewe lilikuwa Jumamosi mchana, na gari la mizigo lilikuwa la Jumapili. Mwanangu alinifuata amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, ananukia sabuni na, kwa mbali, gundi ya mabomba. Tulikaa safu ya nne, karibu na njia. Aliweka funguo za gari mapajani, akawa anazichezesha.

"Wakizidisha kulia tunatoka, eeh, Mama?"

"Tulia. Huyu ni mtoto wetu."

Pazia likafunguka. Jukwaani palikuwa na dirisha moja lisilo na ukuta, na kiti changu. Besi alikuwa amekikalia, kavaa soksi bila viatu, mikono juu ya magoti. Roho akaingia, mwanamke mwembamba mwenye koti la safari, anaburura sanduku la magurudumu, anatazama saa. Akaanza kumshtaki kwa sauti ya jirani wa juu. Watu wakacheka. Mwanangu akanigonga kiwiko.

"Si yule wa viatu huyu?"

"Ndiye. Nyamaza."

Kisha Roho akanyamaza, na Besi akafungua kinywa. "Utakavyo..."

Ilipanda kidogo, kama mtu anayenyanyuka kitini aende kufungua mlango. Ikasimama pale juu. Kisha, badala ya kwenda, ikarudi ikakaa. Kwenye "mwenzangu" ikashuka ikijiburura, na mwisho wake haukuwa noti. Ilikuwa pumzi, ya mtu aliyekuwa na neno jingine ulimini akalimeza.

Mkono wangu uliijua kabla ya masikio. Vidole vilijikunja, vikashika chupa ya chai ambayo haikuwepo. Nikaiona meza, na simu imeegemea kopo, na jicho la njiwa nyuma yake. "Mnavyotaka, wanangu." Mwanamume wa mikate alikuwa ameketi kwenye kiti changu akinisema mimi, na kila mtu katika ukumbi ule, watu nisiowajua, wenye mikoba yao na kofia zao, alikuwa anasikia kitu ambacho mimi nilikuwa sijakisikia.

Mashtaka yakaendelea, na baada ya kila shtaka, jibu lilelile. Kinanda hakubadilisha hata noti moja. Alichofanya ni kwamba kila Mwili alipojibu, mpigaji mmoja kati ya wapigaji aliweka ala yake chini na hakuishika tena. Filimbi ikanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Mara ya kwanza watu walikuwa wamecheka. Mara ya pili walicheka wachache. Kisha hakucheka mtu. Roho alipofika mlangoni na kuimba "Nimeufunga mlango, wala sitarudi nyuma," palikuwa na fidla moja tu. Nayo ikashushwa. Besi akajibu peke yake. Ile pumzi ya mwisho aliiacha itoke yote, mpaka nikadhani kifua chake kitagusa mgongo.

Nilimfikiria mtawa yule asiye na jina. Miaka yote nilisadiki kwamba aliandika juu ya mtu aliyekubali. Lakini labda naye alikuwa na mtu, nyumbani alikotoka kabla ya utawa, aliyekuwa akijibu hivyo huku ameshika chombo hewani; akasikia, akaandika neno lilelile tena na tena kwa kuwa hakuwa na noti za kulionyesha lilivyopinda. Sijui. Mimi si mtu wa kujua mambo ya watawa. Ila nilijua kwamba nimelisoma shairi lile maisha yangu yote kwa macho tu.

Ndipo nikagundua kwamba funguo zimeacha kulia. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho amefumba, vilevile anavyofanya akiwa ameweka sikio ukutani.

Watu walipiga makofi mpaka wakasimama. Sisi tulitoka polepole, tukasimama kwenye ukumbi wa mbele, karibu na meza ya tiketi, watu wakitupita pande zote. Mwongozaji alipita, miwani kichwani, akanishika mkono na kusema jambo zuri ambalo sikulisikia. Kinanda akaja mbio, kalamu sikioni, midomo imemkauka.

"Bibi. Umekasirika?"

Kabla sijamjibu, mwanangu aliwahi.

"Ile sauti ya yule bwana kwenye kiti. Umeitoa wapi?"

Kinanda alinitazama mimi kwanza. "Mezani kwa Bibi, Mjomba. Siku ile ya chai."

"Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa karibu naye kuliko hiki kifungo na tundu lake." Alishika kifungo cha shati lake, akakizungusha. "Sikusikia kitu."

Mwanangu alizitia funguo mfukoni, akazitoa, hakujua aziweke wapi. Nimemwona akizama kiunoni kwenye maji machafu bila kukunja uso. Sasa uso wake ulikuwa umekunjana wote.

"Mama," alisema, "pale mwishoni panavuja."

"Baba, chumba ni kizuri sana..."

"Sijauliza chumba. Nimesikia panavuja. Uliposema vile, ulikuwa unataka nini?"

Kinywa kina mazoea yake. Kilianza chenyewe, "Mnavyo—", nami nikaisikia sauti ikipanda, nikaisikia ikisimama pale juu, na nikajua vizuri inakwenda kukaa wapi. Nikaifunga. Nikamshika mwanangu mkono wa shati, ile pasi yote ikajikunja.

Wakati huo mlango wa pembeni ukasukumwa kwa mgongo, akatokea Besi, bado na soksi, jasho linamtiririka, amekikumbatia kiti changu kama mtoto aliyelala.

"Bibi, samahani, wanafunga kule nyuma," alisema kwa ile sauti yake inayotikisa vioo. "Kiti nikipeleke wapi? Kwako au kule kwa fundi?"

Wakanitazama wote watatu. Mkono wa Kinanda uliingia mkobani, mahali kinasa sauti kilipo, kisha ukatoka mtupu.

"Kipeleke kwangu," nilisema. "Jikoni, pale dirishani. Nataka kukaa pale." Nikamgeukia mwanangu. "Na wewe, kesho njoo na vifaa vyako badala ya gari. Nataka unifungie bomba la kushikia kwenye ile ngazi ya uani."